Kabla hujaichukua nyumba ya mbali

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha, maana najua ulivyohangaika kutafuta nyumba. Mara ya pili nikiwa na kalamu, napiga hesabu pembeni mwa karatasi. Unasema umepata vyumba viwili nje kabisa ya mji, kodi imepungua kwa theluthi nzima kuliko unayolipa sasa, na dalali anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Kisha unaniuliza kama hapo kuna hata cha kufikiria. Kipo, ndugu yangu. Nyumba kama hiyo nilishawahi kuichukua.

Sijawahi kukusimulia vizuri kwa sababu naona haya. Chumba kilikuwa kikubwa, hewa safi, kelele hakuna. Mwezi wa kwanza nilijiona mjanja kweli kweli. Wa pili nikaanza kuona kwamba nilichookoa kwenye kodi kinaishia kwenye nauli, na kilichosalia kinaishia kwa mtu wa kunishikia mtoto. Nilikotoka, mtoto nilikuwa namwacha kwa jirani bila kulipa hata senti, naye akiwa na safari, watoto wake nabaki nao mimi. Jirani wa namna hiyo haandikwi kwenye mkataba wa kupanga, wala humpakii kwenye gari la mizigo. Na vile vibarua vya ghafla, vya kupigiwa simu alfajiri uambiwe "njoo sasa hivi", vikaniponyoka kimoja baada ya kingine, maana hadi nifike wameshachukua mwingine. Natoka mtoto amelala, narudi amelala. Baada ya miezi minane nilirudi mjini, kwenye chumba kidogo na ghali kuliko kile nilichokiacha mwanzo. Mwenye nyumba wa kule hajanirudishia dhamana yangu mpaka leo. Alidai ukuta una madoa. (Madoa niliyakuta.)

Ndiyo maana nikisikia "nyumba za bei nafuu" masikio yananisimama. Nafuu kwa nani, na baada ya kulipa nini? Wataalamu hupenda kusema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Namba hiyo ina historia yake: Marekani, mwaka 1969, sheria iliweka kikomo cha robo ya kipato kwa wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi asilimia 30. Ilipangwa, ikapanguliwa. Mwenye mshahara mnono akitoa hata nusu, kinachobaki kinamtosha na chenji juu. Sisi tukitoa robo tu, huenda kisitufikishe mwisho wa mwezi. Mimi siku hizi naanzia upande wa pili: natoa kwanza chakula, nauli, shule, dawa, maji, kinachosalia ndicho uwezo wangu wa kulipa kodi. Jibu huwa dogo hadi linachekesha.

Na hakuna anayejenga kwa ajili ya jibu hilo. Kiwanja, saruji na riba ya mkopo haviangalii mfuko wa mpangaji. Mwenye nyumba akitaka pesa yake irudi, atapandisha kodi, au atajenga mahali ambapo ardhi ni rahisi, yaani mbali, halafu gharama ya umbali tunaibeba sisi. Mexico walijenga hivyo miaka ya 2000, nyumba ndogo ndogo kwa maelfu, za mikopo, mbali na miji. Nyingi ziliachwa tupu. Watu walikuwa na nyumba, lakini kazi ilibaki kule walikotoka.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha Iquique, Chile. Familia kama 100 zilikuwa zimeishi kwa miongo kadhaa kwenye kiwanja wasichokimiliki, katikati ya mji. Ardhi ile ilikuwa ghali mara tatu hivi ya ile inayonunuliwa kwa kawaida kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake hawakuwahamisha. Kiwanja kikanunuliwa, na fedha za serikali zilizobaki zikatosha nusu nyumba. Basi wakajenga ile nusu ngumu, jiko, bafu, ngazi, kuta nzito, na kuacha uwazi pembeni ili kila familia ijazie yenyewe kadiri inavyopata. Ilikuwa mwaka 2004. Wapo waliosema nusu nyumba ni serikali kukwepa nusu ya wajibu wake, na siwezi kuwabishia sana. Lakini mimi ningeichukua ile nusu mbio mbio, kwa sababu jirani yangu angebaki mlango wa pili.

Vienna, Austria, nao hawakuishia nusu. Mwaka 1923 mji ulianzisha kodi ya majengo, wenye majumba ya kifahari wakitozwa zaidi, na hadi 1934 ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000. Jengo moja, Karl-Marx-Hof, lina urefu unaopita kilomita moja, na lilijengwa na sehemu za kufulia na chekechea humo humo ndani. Fikiria kumwacha mtoto chekechea ukiwa umeshuka ngazi tu!

Najua wewe huna Vienna wala Iquique. Una dalali anayepiga simu kila siku. Sikwambii ukatae. Vyumba viwili ni vyumba viwili, na mwanao anakua. Ila usiende kuiangalia Jumapili kama alivyokupangia. Nenda siku ya kazi, uondoke huko saa ile ile ambayo ungeondoka kila siku, na mtoto ukiwa naye. Andika dakika za kusubiri gari, andika nauli ya kwenda na kurudi, muulize mpangaji mmoja wa pale maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Na huyo jirani yako wa sasa, umeshamwambia kwamba unafikiria kuhama?

Niandikie jioni hiyo hiyo ukirudi, hata kama umechoka.

Wako,
rafiki yako wa siku zote