Tuchunge mwenendo wetu nje ya shule

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Kuna video inazunguka tangu Jumamosi, mwenzetu akirushiana maneno na dereva wa bodaboda pale Kibirizi, chupa mkononi. Naomba isitumwe humu wala kwingine. Mhusika nimeshaongea naye pembeni, yatosha.

Ila tuambiane ukweli. Kigoma hii tunajuana. Anayekuuzia migebuka sokoni Mwanga ni mama wa mwanafunzi wako, na huyo wa bodaboda wengine humu tumemfundisha. Kunywa si kosa, mtu apumzike. Lakini kutukana watu njiani, au kuweka status matokeo ya mtoto wa watu mkimcheka, hapana. Nidhamu yetu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na "nilikuwa nimeshatoka kazini" si utetezi wa kutegemea.

Na hili la sisi walimu kukopa pesa kwa wazazi wa wanafunzi ndilo linaniudhi zaidi, maana anayeona aibu darasani ni mtoto.

Mwenye deni la aina hiyo alimalize kabla ya kikao cha Ijumaa. Aliyekwama anipigie, tutaangalia kwenye mfuko wetu.