Orodha ya wanaokwenda mafunzoni ibandikwe ukutani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu waajiri wanaosifiwa kwa kuendesha semina za usawa kazini imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu amezihesabu semina, amewahesabu washiriki na kuupiga picha ukumbi. Hakuuliza ni nani hupelekwa kwenye mafunzo ya kazi yenyewe, ambayo ndiyo huamua nani apande cheo na nani abaki pale alipo.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika masjala. Mwajiri wangu alipoamua kuachana na majalada ya karatasi na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta, wenzangu 4 kati ya watumishi 9 wa kitengo chetu walipelekwa mafunzo ya wiki 3. Nilikuwa nimerejea siku chache tu kutoka likizo ya uzazi, na mkuu wa kitengo akaniita akaniambia kwa upole, "Wewe una mtoto mchanga, tumeona tusikusumbue." Hakuniuliza kama ninaweza kwenda. Mama yangu mzazi alikuwa kwangu wakati ule, amekuja kwa ajili hiyohiyo ya kumlea mjukuu wake ili mimi nifanye kazi. Nilinyamaza, kwa kuwa maneno yale yalikuwa na sura ya huruma, na ni vigumu mno kumlalamikia mtu anayekuhurumia. Baada ya miaka 2 ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa masjala, na sifa ya tatu katika tangazo ilikuwa cheti cha mafunzo yale. Nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikairudia sifa hiyo ya tatu, nimekumbatia majalada ambayo namba zake nilizipanga mimi mwenyewe, nikatambua kwamba nafasi ile ilikwisha kutolewa siku ile niliyohurumiwa. Aliyeipata ni kijana niliyemfundisha kulitafuta jalada lililopotea, ni hodari na sina kinyongo naye hata chembe. Ninachokilaani ni ile orodha ya majina 4 iliyoandikwa na mtu mmoja ofisini kwake, bila tangazo, bila maombi, bila kumweleza yeyote kwa nini huyu ameingia na yule ameachwa.

Wanaosema kuwa uteuzi wa aina hii ni hiari ya mkuu wa kitengo wasome Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958. Unapiga vita ubaguzi katika ajira, jinsia ikiwa mojawapo ya misingi iliyotajwa, na unaeleza wazi kwamba ajira ni pamoja na fursa ya kupata mafunzo ya ufundi. Anayemnyima mtu mafunzo kwa sababu amejifungua amekwisha kumbagua, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Na hata anayepelekwa, je, anafundishwa? Mwenzetu mmoja ni kiziwi. Katika mafunzo ya hivi karibuni alikodiwa mkalimani wa lugha ya alama kwa ajili ya hotuba ya ufunguzi, na baada ya chai mkalimani huyo akaondoka. Mwenzetu alinionyesha daftari lake: kurasa mbili za mwanzo zimejaa maandishi, zinazofuata zina tarehe tu. Cheti amepewa kama wengine, na katika ripoti amehesabiwa kuwa amefunzwa.

Sisemi semina za usawa zifutwe. Hata hivyo, utafiti wa wanasosholojia Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly kuhusu kampuni za Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa semina za kupunguza upendeleo ni miongoni mwa hatua zilizoleta mabadiliko madogo kabisa katika ngazi za uongozi, na kwamba mabadiliko makubwa zaidi yalionekana pale alipokuwepo mtu au kamati ya kuwajibika.

Kwa hiyo napendekeza karatasi moja, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kitengo kila baada ya miezi 3. Iwe na safu 5: mafunzo yaliyopatikana, idadi ya nafasi, majina ya walioomba, majina ya waliochaguliwa, na sababu ya kila aliyeachwa, kwa maneno ambayo mkuu wa kitengo yuko tayari kuyatilia saini. Anayehitaji mkalimani aandikiwe hivyo mbele ya jina lake, kwa siku zote za mafunzo. Na aliyekuwa likizo ya uzazi au ya ugonjwa orodha ilipopangwa, jina lake liwe la kwanza katika karatasi inayofuata, na aulizwe yeye mwenyewe kama atakwenda.

Ni mimi,
Mtunza kumbukumbu