Kwa mziwanda wangu anayekwenda Kariakoo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Uko chumba cha pili unafunga begi na ningeweza kukuita tu ukaja. Lakini tukianza kuzungumza, wewe ni "sawa mama, sawa mama" hata sijafika nilikokuwa nakwenda. Kwa hiyo nimeandika, uisome ukiwa ndani ya basi.

Nimeiona ile karatasi uliyobandika nyuma ya mlango. Sikuitafuta, nilikuwa nafagia. Kuamka saa kumi. Kukimbia kila asubuhi. Kitabu kimoja kila wiki. Kiingereza. Kompyuta. Hisabati. Kuacha sukari. Kuweka akiba nusu ya kila utakachopata. Na yote hayo yaanze Jumatatu, siku ya kwanza dukani kwa ami yako, katika mji usioujua, kwenye nyumba ambayo hujui hata zamu ya kuoga inakwendaje.

Mwanangu, lipi moja?

Orodha yenyewe siikatai. Kijana wa umri wako kukaa chini akajiandikia anataka kuwa nani, mimi namshukuru Mungu. Ninachokiogopa nimekiona humu humu ndani. Unaanza mambo manane, likikuponyoka moja unayaacha yote, kisha unashinda umejifunika shuka mpaka usoni, unasema huna faida. Hapa nilikuwa nagonga mlango. Huko nani atagonga? Na hiyo tabia ya kuhesabu ulichokosa kabla ya ulichopata, najua umeitoa wapi, na si shuleni.

Bibi yako hukumkuta, basi nikueleze. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto alipoingia kisomo cha watu wazima, enzi za Mwalimu Nyerere. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Halafu wakatoka kwenda kufanya kile walichokisikia: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu. Hilo la kutoka na kwenda kufanya ndilo ninalotaka ulishike. Wewe simu yako imejaa vitabu vya kupakua, video za watu wanaopiga kelele asubuhi, na bado hujatoka kwenda kuchimba.

Na kuandika je? Bibi yako alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga. Kila jioni akishamaliza kuhesabu hela, kabla hajafunga kanga kiunoni kwenda kuosha sufuria, anachukua daftari na kuandika majina ya waliokopa siku hiyo. Siku nyingine ni jina moja tu, limepinda, herufi zimepandana. Hakujitafutia saa maalumu ya kujisomea, maana hakuwa nayo. Alichukua kitu ambacho lazima akifanye kila jioni, akakibandikia kuandika hapo hapo. Alipofariki, lile daftari lilikuwa la tatu au la nne, na mwandiko wake ukiuona utasema ni karani.

Kwa baba yako hivyo hivyo. Vidonge vya presha alikuwa akivisahau mpaka tukagombana. Nikavitoa kabatini nikaviweka pembeni ya birika la chai. Chai hajawahi kuisahau maishani mwake, na sasa vidonge navyo havisahau. Sikumhutubia tena.

Sasa nikuambie ningechagua lipi mimi, halafu uamue mwenyewe. Ni Hisabati. Unataka chuo cha ufundi, na Hisabati ya Kidato cha Nne ndiyo iliyokufungia mlango. Mlango huo unafunguka. Unaweza kujiandikisha ukarudia mtihani wa Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya watu kama wewe, nenda ukaulize ada na muda. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vimo humo bila malipo, kuanzia Kidato cha Kwanza. Na uanzie hicho cha Kwanza, bila aibu. Uliachwa nyuma kwenye milinganyo, ukawa unakopi ubaoni mpaka mwisho, na mtu akikosa msingi kule mbele haelewi hata akeshe.

Ukitaka pa kukaa penye utulivu, toka Kariakoo ukate Mnazi Mmoja, uifuate Barabara ya Bibi Titi Mohamed kwa miguu mpaka Maktaba Kuu ya Taifa. Ni ile ile huduma ya maktaba yetu ya mkoa hapa, ambayo umepita nje yake ukienda mjini maisha yako yote. Uliza mlangoni masharti ya uanachama na saa za kufunga, siku ya mapumziko uwe unajua pa kwenda.

Sasa yule uliyemlipa ili akuingize kwenye kundi lake la "kubadilisha maisha". Nilinyamaza kwa kuwa hela ilikuwa yako, ya kibarua chako. Lakini alikupa nini? Maneno ya kukutia moto asubuhi, jioni moto umezima, kesho unahitaji mengine. Mtu anayekufundisha kitu utamjua: ukitoka kwake unaweza kufanya kitu ambacho jana hukuweza. Ami yako hajui kuhutubu, lakini anajua bei ya kila kipuri dukani na anajua kumpa mteja mkali jibu la upole. Muulize. Watu wanapenda kuulizwa kuliko unavyofikiri.

Basi iwe hivi. Duka likifungwa, ukishakula na kunawa mikono, fanya hesabu mbili pale pale kwenye meza kabla sahani haijaondoka. Mbili tu. Siku umechoka huoni mbele, nakili swali kwenye daftari ulale, hiyo nayo inatosha. Ukikosa siku, usijilipishe kwa kufanya nne kesho. Kesho ni mbili kama kawaida. Na simu ikalale sebuleni, kwa sababu huwezi kulala saa saba ukiangalia video za watu wanaoamka saa kumi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Umeisikia hiyo madrasa mara ngapi? Na Juzuu Amma uliihifadhi vipi, unajua mwenyewe, sina haja ya kukukumbusha. Ni wewe yule yule. Sikutungi sifa kwa kuwa unaondoka. Aliyemfundisha mtoto wa dada yako kusoma saa, akawa anarudia bila kupandisha sauti, ni wewe. Mimi nisingeweza.

Mazoezi, Kiingereza na akiba vitakuja. Hesabu mbili zikishakuwa kama kupiga mswaki, ongeza jingine. Akiba ukitaka anza na sarafu, usianze na nusu. Utakuwa na nauli, sabuni, na siku nyingine mchango wa msiba.

Bado sijajibiwa lakini. Hisabati ni chaguo langu mimi. Lako lipi? Usiniambie "yote mama".

Nazi nimezifunga kwenye kiroba cha bluu, mpe mke wa ami yako mkononi, usiziache dukani. Samaki wakavu wako kwenye ndoo yenye mfuniko, usiiweke karibu na nguo. Bati la jikoni fundi amesema atakuja baada ya mvua, ambayo ndiyo ahadi ya mwaka jana, kwa hiyo nitamtafuta mwingine. Dada yako kliniki wamemwambia anaendelea vizuri, ila miguu inamvimba wakati mwingine, mpigie umsalimie, asikusikie kupitia kwangu tu. Kuku mweupe ameanza kutaga tena.

Ukishuka basi nipigie, hata ikiwa usiku. Baba yako anakusalimia, na anauliza ufunguo wa stoo umeuweka wapi, maana toka jana anautafuta.

Mama yako