Cuthbert hakuwahi kumuona Mviking

Ndugu mhariri, salamu kutoka Durham, kaskazini ya Uingereza. Naomba kanafasi niseme jambo maana najua wasomaji wenu wa huku tupo wengi tu, na wengine tunakutana kwenye hizi siku za historia, zile watu wa mtaa wanavaa nguo za kale na kufanya kazi za kale ili wengine waone maisha yalikuwaje.

Machi 20 ndio sikukuu ya Mtakatifu Cuthbert, mtawa na askofu wa kisiwa cha Lindisfarne huku kaskazini, alifariki tarehe hiyo mwaka 687 kisiwani Inner Farne alikokuwa anaishi peke yake. Sasa kila tukitaka kumuenzi unakuta nusu ya uwanja ni watu waliovaa kama Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Ngao, mashoka, makelele, watoto wote wamekimbilia huko na mwenye siku yake hata haonekani. Jamani, Waviking walivamia Lindisfarne mwaka 793, huyu mzee alishazikwa zaidi ya miaka 100, hakuwahi kumuona hata mmoja! Najua wanavuta watu, sikatai, ila sikukuu ni ya nani?

Na si kwamba maisha yake hayana cha kuonyesha. Bede, mtawa wa Jarrow aliyeandika habari zake, anasema kule kisiwani Cuthbert alipanda ngano ikagoma kabisa, akaomba aletewe shayiri, akaipanda msimu umeshapita na ikaota, ndege walipokuja kuila akawagombeza wakaondoka. Halafu kuna wale kunguru wawili waliokuwa wananyofoa nyasi za paa la nyumba ya wageni, akawafukuza, baadaye mmoja akarudi kinyonge kuomba msamaha na zawadi wakaleta, bonge la mafuta ya nguruwe, wageni wakawa wanapaka viatu vyao. Hiyo si shoo tayari? Mpe mtoto kiatu cha ngozi, kitambaa na mafuta, muache ajichafue, hiyo stori hatoisahau.

Mimi binafsi napenda meza ya uandishi kuliko zote. Ngozi ya ndama inalowekwa kwenye maji ya chokaa, inavutwa kwenye fremu na kukwanguliwa mpaka inakuwa laini, na wino ni wa vile vinundu vya mti wa mwaloni vinavyopondwa na kuchanganywa na chumvi ya chuma. Ukianza kuandika unaona rangi hafifu unadhani umekosea vipimo, kumbe ikipigwa na hewa ndio inakolea mpaka inakuwa nyeusi tii. Hapo ndipo mtu anaelewa kile kitabu cha Injili ya Yohana kilichokutwa ndani ya jeneza la Cuthbert mwaka 1104, kidogo tu kinaenea kiganjani, jalada lake la ngozi nyekundu bado zima, British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, walikinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Watu wanashangaa hiyo bei, ila aliyekwangua ngozi nusu saa hashangai sana.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati zetu ni hili, asubuhi iwe ya shayiri, viatu na kalamu za manyoya ya bata bukini, bila shoka hata moja uwanjani. Waviking waje mchana, kwenye zamu yao ya kweli, maana ni kwa kuwaogopa wao watawa waliondoka Lindisfarne mwaka 875 na jeneza la Cuthbert mabegani, wakahangaika miaka mpaka mji wa Chester-le-Street, na mwaka 995 ndio mwili ukafika Durham. Hapo wapige makelele yao wanavyotaka sisi tunabeba jeneza tunatimua mbio. Ila wanaojitolea kubeba wajue mapema kwamba jeneza la mwaloni ni zito kwelikweli, mtu asije na kandambili halafu nusu ya njia aanze kulia mgongo.

Msomaji wenu, Durham