Jamani tuache kugombania 432, tuangalie masta

Mhariri shikamoo, naomba kanafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Huku Mwanza sisi mashabiki wa singeli na hausi kila tukikaa ni ubishi wa tyuningi, yaani noti ya A iwe mitetemo 440 au 432 kwa sekunde, mmoja anasema 440 inaumiza kichwa eti 432 ndo ya asili, mwingine anamwambia umelishwa matango pori, basi mpaka saa sita usiku. Mi nasema hivi, 440 ni makubaliano tu ya watu, shirika la viwango la ISO liliipitisha kabla hata hatujazaliwa wengi wetu, mwaka 1955 wakairudia 1975, na ukishusha kwenda 432 tofauti haifiki hata theluthi ya nusu toni. Sasa hapo kichwa kinaumaje?

Kinachoumiza ni masta, ule umaliziaji wa mwisho wa sauti ya wimbo kabla haujatoka. Nilipeleka biti yangu kwa jamaa mmoja wa studio hapa mjini akaminya limita, kile kifaa cha kubana sauti ili wimbo usikike kwa nguvu, mpaka kiki (ile ngoma nzito ya mdundo) na besi vikawa kitu kimoja, nikaipiga kwenye spika pale Kirumba ikatoka kama bati linakwaruzwa, niliumia sana maana ile biti niliisotea wiki 3. Na singeli inakimbia biti 200 na zaidi kwa dakika, kiki isipopata pa kupumua umeua wimbo. Halafu Spotify yenyewe inashusha nyimbo za makelele mpaka -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kule kuminya kote hujapata kitu!

Maprodyuza wa Mwanza nawaomba sana, acheni nyimbo zipumue.

Msomaji wako, Kirumba, Mwanza