Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mboji Kwanza, Unga Baadaye

Ndugu wanachama,

Nianze na sheria, maana wanachama wapya bado wanaiuliza. Chama hiki hakilimi bangi. Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 inaruhusu miche minne kwa kaya nzima, si minne kwa kila mtu mzima aliyemo, na hairuhusu kuuza mavuno ya nyumbani hata gramu moja. Sisi wa jimbo la Ontario kila mtu analima kwake. Tunachofanya pamoja ni udongo. Mwenye jamaa katika jimbo la Quebec amkumbushe kwamba huko kulima nyumbani ni marufuku, na Mahakama ya Juu ilikubali marufuku hiyo mwaka 2023.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Langu ni uamuzi wa kamati: tupunguze fedha za unga wa mbolea wa kwenye pakiti, tuongeze za mboji. Udongo hai haulishi mmea moja kwa moja. Bakteria na kuvu ndio wanaokula, na wadudu wanaowala hao ndio wanaoachia nitrojeni karibu na mizizi. Unga wa mwani ni chakula tu. Walaji wanakuja na mboji. Ukitia chakula kwenye mboji iliyokufa kinakaa vilevile, au kinaoza.

Kipimo chetu cha kuchanganya udongo kinabaki kilekile. Kwa madebe sita, chukua mawili ya piti (mabaki ya mimea ya kinamasi) iliyokwisha kulowanishwa na kuchambuliwa, mawili ya mboji (nusu yake iwe mboji ya minyoo), na mawili ya pamisi, yale mawe mepesi ya volkano. Perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi, inafaa pia, ila huelea juu baada ya miezi michache. Ongeza vikombe viwili vya unga wa mwani, viwili vya unga wa magamba ya kaa, viwili vya unga wa alfalfa (lusani), viwili vya jasi, vinne vya unga wa magamba ya chaza, na lita nne za unga wa mwamba wa basalti. Kikombe ni cha mililita 250. Mchanganyiko utapungua ujazo kidogo ukitulia, na utatosha mifuko miwili ya kitambaa ya lita 50.

Magamba ya chaza si mapambo. Piti ina pH ya karibu 4, na bila chokaa hiyo mmea utaonyesha njaa ya kalsiamu na magnesiamu hata kama vyote vimo. Piti kavu nayo hukataa maji: ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, uiache usiku kucha, uigeuze tena. Ukiichanganya ikiwa kavu, katikati patabaki vumbi ambalo hutalifikia kwa kumwagilia.

Ukimaliza, finyanga konzi moja: litoke tone moja au mawili, si mchirizi. Funika kwa turubai linalopitisha hewa, uache wiki tatu au nne huku ukipima joto. Likipanda kidogo, ni dalili njema. Likipita nyuzi 40, alfalfa ni nyingi mno. Tandaza, geuza, subiri lishuke. Aliyepanda kabla halijashuka ameunguza mizizi. Harufu ya amonia inamaanisha nitrojeni imezidi, na harufu ya yai viza inamaanisha hewa haipiti.

Sasa mboji yenyewe. Ya kununua inatisha zaidi kuliko ya kutengeneza, kwa sababu ya dawa za magugu kama aminopiralidi. Ng'ombe akila nyasi zilizopuliziwa, dawa hupita tumboni mwake, huingia kwenye samadi, na hata joto la biwi la mboji haliimalizi. Kwa hiyo kila shehena itajaribiwa kwa maharage kabla ya kulipiwa: vyungu vitatu vya mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na piti, na vitatu visivyo na mboji hiyo. Subirini hadi majani ya tatu. Yakijikunja kama kikombe au ncha zikisokotwa, shehena inarudi. Muuzaji akinuna, anune.

Anayefanya biwi lake aweke sehemu mbili za majani makavu kwa moja ya mabichi, alifikishe nyuzi 55 hadi 65, aligeuze, kisha aliache lipoe na kukomaa kwa miezi. Wengi wanakosa subira hapo mwishoni.

Bangi hufyonza kadmiamu na madini ya risasi, metali zenye sumu, kutoka ardhini kuliko mimea mingi ya bustani. Udongo wa uani mjini hatuutumii kabisa, na unga wa mwamba au wa mwani hatuununui bila karatasi ya maabara. Kwenye mwani someni mstari wa aseniki, nayo ni sumu.

Wakati wa kupandikiza, kuvu wa mikoriza, wale wanaoishi na mizizi na kuisaidia kufyonza chakula, wapakwe kwenye mizizi yenyewe. Kuwanyunyiza juu ya udongo ni kutupa fedha, na fosforasi ikizidi hawashiki. Kisha tandaza nyasi kavu, panda na klova, mmea mfupi wa kufunika udongo, chini. Mfuko wa lita 50 unywe lita mbili na nusu hadi nne, kwa awamu, kabla piti haijajitenga na kingo. Visubi vikianza kuruka, maji yamezidi. Punguza, kisha tumia minyoo midogo ya Steinernema feltiae. Kuhusu kloramini, dawa ya kusafishia maji ya bomba ya Toronto: kuyaacha ndooni usiku kucha huondoa klorini, si kloramini. Chembe ya vitamini C inatosha, na hofu yenyewe imekuzwa.

Majani yakigeuka manjano mwishoni mwa maua ni kawaida. Yakianza mapema, mara nyingi mfuko ni mdogo. Ghala la chakula limekwisha, na hakuna chai ya mboji (maji yaliyolowekwa mboji) itakayolijaza.

Baada ya kuvuna, kata shina usawa wa udongo, mizizi iachwe humo. Ongeza sentimita mbili za mboji ya minyoo. Msirudie vipimo vya unga kabla majibu ya maabara hayajarudi: potasiamu na sodiamu hulimbikizana kimyakimya, na udongo wa mwaka wa tatu huharibiwa zaidi na kuzidishiwa kuliko na njaa.

Ratiba: marobota ya piti yaagizwe Februari, maharage ya majaribio yapandwe Machi, tuchanganye Aprili. Wanaolima nje wasitoe miche kabla ya mwisho wa Mei, theluji na baridi kali vikishapita. Kila mfuko uandikwe tarehe ya kuchanganywa na shehena ya mboji iliyotumika.