Bunduki ya Mwingereza iliyozaliwa Kanada

Tanga, 9 Juni 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Barua imefika, na picha za lile jengo la ukaguzi wa bunduki nimeziona. Unasema siku hizi ni mahali pa sanaa na maonyesho! Umeuliza Mwingereza alipatwa na nini hadi bunduki zake zikatengenezwe huko kwenu Mississauga, Kanada, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1940 jeshi lake lilitoroka Dunkirk likaacha silaha tele Ufaransa. Bunduki mpya, Lee-Enfield Namba 4, ilishapitishwa 1939, ila viwanda vyake vya Fazakerley, Maltby na Shirley vilikuwa bado havijashika kasi. Novemba 19 ndege za Wajerumani zikakipiga kiwanda cha kampuni ya silaha ya BSA cha Small Heath, Birmingham, wakafa wafanyakazi 53. Hapo ndipo utaelewa thamani ya kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari. Hicho chenu, Long Branch, kilianza kutoa bunduki 1941, na wanawake wengi walifanya kazi humo. Mwaka huohuo kampuni ya Savage nayo ikaanza pale Chicopee Falls, Massachusetts, ikatengeneza zaidi ya milioni 1. Hizo zilipigwa mhuri kuwa ni mali ya Marekani, kwa sababu kisheria zilikuwa za kuazimwa tu. Nani aazime bunduki vitani akairudishe?

Lakini kinachonivutia mimi ni jinsi walivyokuwa wakirahisisha utengenezaji wake. Mwanzoni sehemu ya nyuma ya kulengea shabaha ilichongwa kwa ustadi, ikawekewa skrubu ya kuipandisha na kuishusha kidogo kidogo. Vita vilipopamba moto wakaweka kibati chenye matundu mawili: moja la yadi 300, na ukikigeuza, la yadi 600. Basi! Ndani ya mtutu, mifereji inayoizungusha risasi ilikuwa 5. Mitutu mingi ya wakati wa vita ikachongwa 2 tu, na shabaha haikuharibika kwa kiasi cha kumsumbua askari. Long Branch na Savage wakaenda mbali zaidi: wakaondoa kitufe cha kuachia kichwa cha komeo (kile chuma kinachosukuma na kufungia risasi ndani), wakakata pengo dogo kwenye reli yake. Hapo kwa maoni yangu walibana mno, maana kingo za pengo hilo humeguka.

Singe, ile silaha ya kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, je? Ile ya zamani ilikuwa na ubapa wa chuma wa zaidi ya sentimita 40, kama upanga. Ya Namba 4 ikawa msumari mnene wa sentimita 20 hivi, usiofaa hata kukata kamba. Na walioanza kuzitengeneza ni Singer, walewale wa cherehani, kwenye kiwanda chao cha Clydebank, Uskoti. Mwambie mama yako, atacheka.

Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma walibeba Lee-Enfield pia, ingawa ukoo huo una matoleo mengi, na ya zamani yaliendelea kutengenezwa Lithgow, Australia, na Ishapore, India, muda wote wa vita.

Ukipita tena pale, ulizia kama wana bunduki yenyewe kwenye maonyesho. Ikiwepo, nipigie picha ya ubavuni, upande wa kushoto, karibu na komeo. Kwa kawaida hapo ndipo walipochonga jina la kiwanda na mwaka. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Mwenzako,
Rajabu